Hodi kwa Ishirini na Sita

Kwenye skrini ya chumba cha uangalizi, pembeni kulia kule chini, palikuwa na namba ambayo haikuwa imesogea kwa miaka saba: 61,407,318. Kila siku saa nne asubuhi mjomba wangu alipanda ngazi na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya namba hiyo, akanywa chai yote bila kusema neno, kisha akashuka kuendelea na kazi. Wageni waliokuja kutembelea kiwanda walidhani ni utaratibu wa usalama.

Ilikuwa hesabu ya vipande vya sabuni. Mashine ya zamani ya kukata ilihesabu kila kipande kilichopita chini ya kisu, na kwa miaka kumi na nne aliyeiendesha alikuwa mkaza mjomba wangu. Kiwanda kizima kilimwita Bi Kipimo, kwa sababu kipande chake hakikuzidi wala hakikupungua. Aliugua siku ya Jumatano, katikati ya zamu. Alisimamisha mashine, akavua glavu, akazipanga juu ya meza moja juu ya nyingine, akasema anakwenda hospitali mara moja na anarudi. Hakurudi. Wiki mbili baada ya maziko, fremu ya kisu ilikutwa na ufa. Tangu alipoisimamisha yeye, mashine haikuwashwa tena. Ilikatwakatwa ikauzwa kama chuma chakavu, nami niliiona kwa macho yangu ikipakiwa kwenye lori. Tangu hapo sabuni ilikatwa kwa waya na watu sita wanaolalamika migongo.

Namba ikabaki. Kati ya vipande hivyo, kumi na viwili vilikatwa na meneja wa wakati ule, siku alipotaka kupigwa picha akifanya kazi. Mjomba hakuvitambua kamwe. Ukimuuliza Mjomba mkewe alikata vipande vingapi, atakwambia milioni sitini na moja, laki nne, elfu saba mia tatu na sita, na atakutazama mpaka ukubali.

Hiyo chai ilikuwa tabia yake ya kwanza. Ya pili ni kwamba umeme ukikatika, yeye hutimua mbio kuelekea nyuma ya stoo, ambako pia kuna vyoo. Sisi tulidhani ni tumbo. Kwa adabu hatukuuliza.

Mashine mpya ilipofika, kazi ya kuiunganisha nilipewa mimi. Mimi ni fundi wa umeme wa zamu ya mchana, na mjomba ni fundi mkuu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, tangu nilipokuwa naogopa hata kubadilisha taa. Kwa hiyo nilijua nilichopewa. Skrini ilikuwa na nafasi moja tu ya mashine ya kukata, na programu yake iliandikwa na kampuni ambayo ilifungwa ikaondoka na neno la siri. Hatukuweza kuongeza hata nukta. Mashine mpya ikianza kuhesabu, itahesabu palepale, na ile namba ya mjomba itakuwa imekwisha.

Nilimfuata karakana nikamwambia waziwazi. Alikuwa anasafisha bisibisi ambazo hazikuwa chafu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama."

"Nimepewa mimi mashine mpya. Ile namba itaondoka."

"Kazi ni kazi."

"Nilifikiri niipige picha, tuiwekee fremu uiweke nyumbani."

"Picha ya namba?"

"Ndiyo."

"Namba naijua," akasema, na akachukua bisibisi nyingine.

Basi nikaendelea. Mashine mpya ina mota nne: ya kuvuta mche wa sabuni, ya kuubana, ya kushusha kisu, na ya kusukuma vipande kwenye mkanda. Mota hizi hazijuani. Kuna kisanduku cheusi, unene wake kama kitabu cha dini, kinaitwa kidhibiti mwendo, na hicho ndicho kinachoziambia nani aanze, nani asubiri, na kwa kasi gani. Kikikosea kidogo tu, kisu kinashuka wakati mche bado unatembea, na unapata sabuni ya mshazari. Kazi yangu ilikuwa kukichomeka kwenye mtandao wa kiwanda, ili kompyuta ya juu ikisome na kukipa amri.

Mtandao wenyewe ni kebo za kijani zinazopita juu ya vichwa vyetu. Kila kifaa kina anwani, na sisi tunatumia namba ya mwisho ya anwani kama jina. Matangi ya kuchemshia ni Kumi na Kumi na Moja. Pampu ni Kumi na Tano. Mashine ya kukata ni Ishirini na Sita, na kompyuta ya juu haikubali kuitafuta mahali pengine popote. Yote hayo yameandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mjomba, ambalo halina mstari hata mmoja uliofutwa. Vifaa vinakufa, daftari halifuti.

Mjomba alinifundisha sheria moja kuhusu anwani: usimpe mtu nyumba kabla hujapiga hodi. Unaandika anwani kwenye kompyuta yako, unatuma swali, unasubiri. Akiitika mtu, nyumba ina mwenyewe. Ikiwa kimya, ingia. Ni kazi ya sekunde nne. Sikuifanya. Mwenye nyumba nilimwona akipakiwa kwenye lori, sasa nani aitike?

Jumanne saa tatu na nusu nilikipa kidhibiti anwani ya Ishirini na Sita, nikachomeka kebo, taa zikawa kijani. Mche wa kwanza ukaingia. Kisu kikashuka, kikapanda, kikashuka. Vipande vikatoka vimenyooka, na wale watu sita wa migongo wakapiga makofi. Nilijiona fundi. Dakika ya tatu kila kitu kikasimama, kisu kikiwa katikati ya sabuni. Kidhibiti kikaandika kwamba mawasiliano yamekatika.

Nikawasha upya. Kikaenda dakika nne. Nikawasha tena. Sekunde thelathini. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha tundu, nikabadilisha plagi, nikabadilisha na lugha. Meneja akashuka akiwa na kofia ngumu kichwani, ambayo huivaa hata ofisini.

"Tatizo nini?"

"Natafuta."

"Kesho saa nane wakaguzi wa usalama wanakuja kuiona ikifanya kazi."

"Najua."

"Nilikuwa nakukumbusha tu," akasema, na akabaki amesimama pale ili anikumbushe vizuri.

Hapo ndipo Macho alipoita kutoka juu. Macho ndiye dada anayekaa chumba cha uangalizi, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kinachompita kwenye skrini zile.

"Fundi! Hebu njoo uone. Namba yako imepagawa."

Nikapanda. Ilikuwa saa nne, na mjomba alikuwa mahali pake na kikombe chake. Pembeni kulia kule chini palisomeka 212, ambavyo ndivyo vipande nilivyokata asubuhi ile. Kisha pakasomeka 61,407,318. Kisha 212. Kisha 61,407,318. Ilikwenda hivyo ikirudi, kila baada ya sekunde chache.

"Imechanganyikiwa," akasema Macho. "Miaka saba imetulia, leo inacheza."

Nikamtazama mjomba. Mjomba akaitazama chai. Hakuwa amekunywa hata tone.

Nilisimama pale nikafikiri kwa mara ya kwanza siku ile. Siku zote niliamini ile namba ni mabaki tu, kitu cha mwisho ambacho mashine ilisema kabla ya kufa, kikabaki kwenye kioo. Lakini mabaki ukiyaandika juu hayarudi. Hii ilikuwa inarudi. Maana yake kulikuwa na kitu mahali fulani kiwandani kilichokuwa kinaisema, wakati huohuo, kutoka anwani ileile.

Nikashuka. Nikachomoa kebo ya kidhibiti kipya. Nikafungua kompyuta yangu, nikapiga hodi kwa Ishirini na Sita, kama nilivyopaswa kufanya saa tatu na nusu. Ikaitika palepale, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

Kila kebo ya kijani inaishia kwenye sanduku la kugawia, na kila tundu la sanduku hilo lina kijitaa. Nilipiga hodi mfululizo nikitazama vijitaa. Cha tundu la kumi na saba kikawa kinakonyeza kila nikipiga. Nikaifuata kebo yake kichwa juu, nikipita matangi, nikipita pampu, nikigonga watu wawili na toroli moja, mpaka nyuma ya stoo ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Pale ukutani kuna kabati la kijivu lenye kufuli. Mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI. MAJARIBIO YANAENDELEA. Nimepita mbele yake miaka yote hiyo na sikuwahi kujiuliza ni majaribio gani. Hakuna aliyejiuliza. Kiwandani ukiandika hatari, unaachwa kwa amani.

Mwandiko ulikuwa wa mjomba. Nilipogeuka, alikuwa nyuma yangu, na ufunguo alikuwa ameshautenga na wenzake.

Alifungua. Ndani mlikuwa na kidhibiti cha mashine ya zamani, cha kijivu, kikubwa mara tatu ya kile kipya. Hakikuwa na chembe ya vumbi. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Kwenye kidirisha chake kidogo palisomeka 61407318. Chini yake palikuwa na kisanduku cha betri ya akiba, fyuzi za ziada ndani ya kopo, kitambaa cha kupangusia, na jozi ya glavu, moja juu ya nyingine.

"Siku ya lori nilikitoa kabla hawajafika," akasema. "Kina betri yake ndani. Ilikufa mwaka uleule, na haitengenezwi tena. Ukikizimia umeme, kinasahau."

"Kinasahau nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Yote."

"Umekiweka kimewaka miaka saba, Mjomba?"

"Na miezi miwili."

"Na umeme ukikatika?"

"Hicho kisanduku kinashika dakika kumi na moja. Jenereta inawaka dakika ya pili. Kama kuna waya umelegea, nauwahi." Akakigusa kwa kidole. "Mara moja jenereta ilichelewa mpaka dakika ya tisa. Siku ile nilizeeka."

Nikakumbuka zile mbio, na jinsi tulivyokuwa tukimwachia njia. Kuna mwaka tulimchangia dawa ya tumbo. Aliipokea, akashukuru.

Nitasema ukweli, mwanzoni nilifurahi. Jibu lilikuwa jepesi. Kidhibiti cha zamani hakikuhitaji mtandao ili kikumbuke. Kilihitaji umeme tu. Nikamwambia nitachomoa kebo ya kijani, chenyewe kibaki palepale na umeme wake, na chai ya saa nne atainywea mbele ya kabati. Alifikiri, akakubali. Nikachomoa. Kule mbele mashine mpya ingeweza kwenda siku nzima bila kukohoa. Nilikuwa nafunga mlango wa kabati nilipoona kofia ngumu.

"Hiki ni nini?" akauliza Meneja.

Akasogea akatazama mwenyewe. Si mtu mbaya. Ana tatizo moja tu, kwamba anasoma kila karatasi kabla ya kuitia saini.

"Kifaa kina umeme," akasema polepole. "Hakina mashine. Kipo ukuta mmoja na kostiki. Nimetia saini kwamba hakuna kitu kama hiki hapa. Nimetia saini mara nne."

"Ni cha zamani tu," nikasema.

"Kuna majaribio gani yanaendelea?"

Nikaona Mjomba anatafuta uongo na hana akiba. Akamweleza. Alimweleza kwa sentensi tatu, bila kupaka rangi, na Meneja alipomaliza kusikiliza alivua ile kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nywele zake.

"Pole sana, Fundi Mkuu," akasema. "Kweli pole. Lakini kesho saa sita mchana nataka kabati hili tupu. Wakaguzi watafika huku. Siwezi kutia saini ya tano."

Akavaa kofia akaondoka. Sikuweza hata kumchukia, na hilo liliniudhi.

Tulibaki wawili. Mjomba akapangusa kidhibiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Tunaweza kukipeleka nyumbani," nikasema. "Kikiwa kimewaka."

"Dakika kumi na moja."

"Kwa pikipiki?"

"Kumi na tatu. Nimeshapima."

"Lini?"

"Mwaka wa pili. Na mlinzi wa getini anaandika kila kinachotoka, hiyo ongeza nne." Akafikiri. "Nikiunganisha betri mbili za pikipiki, kitafika."

"Halafu nyumbani kitakaa wapi?"

"Juu ya kabati la vyombo."

"Na umeme wa kule kwetu?"

Umeme wa mtaani kwetu unakatika wakati wowote unapojisikia, na hakuna jenereta. Kuna siku ulikatika mara sita kabla ya saa sita mchana.

"Nitakuwa naamka," akasema.

"Mjomba, mwakani unastaafu. Utakimbia mpaka lini?"

Lilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mahali pake, akafunga kufuli. Siku ile hatukuongea tena. Wala sikukirudisha kidhibiti kipya kwenye mtandao, nikasingizia nasubiri plagi.

Jumatano asubuhi nilimsubiri getini nikiwa nimejiandaa kuziona zile betri mbili. Hata mlinzi nilishamlainisha. Mjomba akaja mikono mitupu.

"Betri ziko wapi?" nikauliza, hata salamu nikaisahau.

"Nimekaa nimewaza," akasema. "Yule hakupenda kitu kiwake bure. Nyumbani nikitoka chumbani, ananifuata nyuma anazima taa. Miaka yote. Nikiacha redio, anazima. Nikiacha pasi, nasemwa mpaka kesho yake." Akasimama. "Angejua nimemwachia kitu kimewaka miaka saba, ningekoma."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo twende tukazime."

Tulikwenda. Akafungua kabati, akaniambia nitoe kalamu. Nikamwambia namba tunaijua wote. Akasema kazi ni kazi. Akasoma tarakimu mojamoja kutoka kwenye kidirisha, nami nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake: sita, moja, nne, sifuri, saba, tatu, moja, nane. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Kisha akatoa kisanduku cha betri, akashika swichi, akaibonyeza.

Taa ya kijani ikazimika. Hakuna kingine kilichotokea. Kule mbele matangi yaliendelea kunguruma na mtu mmoja alikuwa anacheka. Mimi niliumia, tena sana, na niliumia zaidi kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na kalamu kama karani.

Mjomba alihesabu kimya mpaka kumi, kama alivyonifundisha, kisha akawasha tena. Fundi hazimi kitu bila kuhakikisha. Kidirisha kikawaka: 00000000.

"Basi nilikuwa sahihi kuhusu betri," akasema.

Akakizima mara ya pili. Akachukua glavu, akazitia mfukoni, akaniachia nifungue skrubu zilizobaki. Macho aliniambia baadaye kwamba ilipofika saa nne alimsubiri mjomba, hakupanda. Kwani angepanda kuangalia nini?

Saa sita kabati lilikuwa tupu. Nikarudi kwenye mashine mpya, na safari hii nikapiga hodi kwa Ishirini na Sita. Kimya. Nikapiga tena, na mara ya tatu, ingawa moja ilitosha. Kimya. Nikaichomeka kebo.

Sasa, unapokitambulisha kidhibiti mwendo kwenye mtandao, kuna orodha ndefu ya mambo ya kujaza: urefu wa mche, nguvu ya kubana, kasi ya juu kabisa. Kuna na mstari mmoja unaoitwa hesabu ya kuanzia. Umewekwa kwa ajili ya viwanda vinavyobadilisha kidhibiti kilichoharibika na havitaki kupoteza hesabu ya mashine. Kwa mashine mpya unaweka sifuri. Mimi nilikaa mbele ya mstari ule muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya mtihani wowote. Nilikuwa naogopa. Huenda mjomba angesema kwamba hesabu ya marehemu haiendelezwi na chuma kilichokuja kwenye boksi juzi. Angekuwa na haki. Huenda asingesema kitu, na hiyo ingekuwa mbaya zaidi.

Nikaandika 61407306. Nikahifadhi kabla sijabadili mawazo.

Wakaguzi walifika saa nane, wawili, na mbao zao za kuandikia. Mashine ikaenda vipande sitini kwa dakika bila kusita. Wakakagua kitufe chekundu cha kuzimia, wakakagua vizuizi vya kisu, wakakagua kabati tupu nyuma ya stoo wakalisifu kwa usafi. Mwishoni wakapanda juu kuona skrini. Mmoja akainama pembeni kulia kule chini, akanakili namba.

"Mashine imewashwa leo?" akauliza.

"Leo," akasema Meneja.

"Imeshakata milioni sitini na moja?"

Meneja akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Nilishaanza kutunga barua ya kujieleza.

"Ni hesabu ya kitengo cha kukata," akasema Meneja hatimaye. "Tangu kianze. Haihusu mashine moja." Akarekebisha kofia. "Naweza kulitia saini hilo."

Walipoondoka, Macho hakuniuliza. Alinyanyua simu ya ndani akaita karakana. "Fundi Mkuu, hebu panda mara moja. Hapana, hakijaharibika kitu. Wewe panda."

Mjomba alipanda bila kikombe. Akasimama mahali pake pa siku zote, na namba ikawa inasogea mbele yake: mia tisa arobaini na moja, mia tisa arobaini na mbili, mia tisa arobaini na tatu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anaomba dua, kumbe anapiga hesabu.

"Imeanzia wapi?" akauliza.

"Elfu saba mia tatu na sita."

Akahesabu kwa vidole mpaka nikajuta.

"Vile kumi na viwili umevitoa."

"Nimevitoa."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa. Macho akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mjomba akasogea karibu zaidi na skrini, akakunja uso.

"Hii inakwenda sitini kwa dakika."

"Meneja anataka sitini."

"Bi Kipimo alikata arobaini na mbili. Hakuwa na pupa hivi."

Nikavuta kibodi ya Macho, nikaandika arobaini na mbili. Kule chini kisu kikapunguza mwendo, kikasikika sawasawa. Kwenye fomu, mahali pa sababu, nikaandika: kasi ya majaribio. Kiwandani kwetu, majaribio yanaweza kuchukua miaka.

Macho akamletea chai. Mjomba alikuwa amefika nusu ya kikombe umeme ulipokatika.

Skrini zote zikawa nyeusi. Matangi yakanyamaza. Mjomba alishageuka, kikombe mkononi, mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya kwanza, na chai imemmwagikia mpaka kwenye kiwiko. Kule chini niliwaona watu wakimpisha njia, kama kawaida.

"Mjomba," nikasema. "Hiki kipya hakisahau. Hata ukikizima mwezi mzima."

Akasimama palepale. Akanitazama mimi, halafu akaitazama ngazi. Kisha akaurudisha mguu juu, akaja akasimama mbele ya skrini nyeusi, akaendelea kunywa.

Jenereta iliwaka dakika ya pili. Namba ikarudi pale ilipokuwa.